Anzeni na mtaro, katiba itakuja: namna ya kuwakutanisha wakazi, kata na halmashauri

Mimi ni katibu wa kamati ya usafi ya mtaa mmoja hapa Ngamiani, Tanga. Ukatibu nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, basi. Siku hizi napigiwa simu na watu wa mitaa mingine: "Dada, nyie mliwezaje kuwaleta watu wa barabara, watu wa maji na bwana afya kwenye benchi moja?" Nimechoka kurudia, naandika mara moja.

Kwanza niwaambie tulivyopoteza mwaka mzima. Tulianza na jina. Tukawa na umoja wenye jina refu, katiba ya kurasa tisa, mhuri, na fulana juu. Vikao vilikuwa na soda baridi. Mtaro wa mbele ya msikiti ukaendelea kunuka kama kawaida.

Chagueni kero moja ambayo mtoto anaweza kuinyooshea kidole. "Kuboresha huduma za jamii" huwezi kuipiga jembe. "Mtaro wa kuanzia msikitini mpaka kwenye kalavati" unapigika.

Halafu nendeni mkauangalie pamoja, kabla hamjamwandikia mtu yeyote. Sisi tulikwenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tukanyanyua mifuniko mitatu ya zege kwa mtaimbo. Kila mtu alikuja na mshtakiwa wake: wenye maduka waliwalaumu wapangaji, wapangaji wakawalaumu bodaboda. Chini ya mfuniko wa kwanza, mchanga. Wa pili, mchanga na kandambili moja. Wa tatu ndio uliotoa jibu: makumbi ya madafu yamebanana kama matofali, na mifuko ya plastiki imeziba kila upenyo uliobaki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini mtaro hausomi tangazo.

Muuza madafu alikuwa amesimama palepale na panga lake, kimya. Tungemfokea angehamia kona nyingine, na makumbi yangehamia mtaro wa wenzetu. Mzee mmoja wa msikitini akamuuliza taratibu, "Mwanangu, haya ukishayapasua unayapeleka wapi?" Hakuwa na pa kuyapeleka. Kizimba cha taka kiko mbali, na kijana wa mkokoteni alitaka shilingi 2,000 kwa safari. Mama lishe wa kona akadakia, "Niletee mimi, yakikauka nawashia moto." Ushirikiano wetu ulianza hapo, wala hakuna aliyeusajili.

Sasa ndiyo barua, na kabla ya barua jueni kitu ni cha nani. Wengi hudhani barabara zote za mjini ni za halmashauri. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, na mitaro ya pembeni yake inakwenda nazo. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala mwingine wa serikali. Bomba likipasuka, mamlaka ya maji. Taka ni halmashauri. Barua yetu ya kwanza ilikaa wiki saba kwenye ofisi isiyohusika, na hakuna aliyetuambia kwamba tumepotea njia. Sasa kwa mtendaji wetu kuna karatasi imebandikwa ukutani: kero upande huu, ofisi inayohusika upande ule, na namba ya simu ya ofisi.

Barua yenyewe isikimbilie mjini. Ianzie kwenye mkutano wa wakazi, iingie kwenye muhtasari, mwenyekiti wa mtaa asaini, mtendaji agonge mhuri, kisha ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata. Pale diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu. Ikipita hapo, diwani anaingia nayo kwenye baraza la madiwani akiwa na karatasi mkononi. Msisahau picha. Ile ya maji yakiwa yamepanda kwenye ngazi za msikiti ilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote, na mimi ndiye mwenye mwandiko.

Kuna jambo la majira ambalo laiti tungeambiwa mapema. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Ukipeleka ombi Mei, masika yamewafikia magotini, utapokewa kwa upole na kuambiwa bajeti imeshapita, na ni kweli imepita. Mipango hukusanywa mitaani na kwenye kata miezi ya mwisho ya mwaka, madiwani huipitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo piga picha Aprili, mvua inanyesha; barua iwe imefika Oktoba.

Kwenye kikao waiteni wenye kazi. Fundi wa maji anayejua valvu iko wapi ana faida kuliko bosi wake anayekuja kufungua kikao na kuondoka. Waje bodaboda, mwalimu mkuu, imamu, mchungaji, vijana wa mkokoteni, na muuza madafu. Saa tisa na nusu ndiyo saa yetu, kwa sababu kabla ya hapo mama lishe hawajaosha vyombo. Posho hatutoi, tunatoa maji na kashata. Wawili waliacha kuja, hatujawatafuta. Na kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe. Mkiandika "kamati itafuatilia", jueni hakuna atakayefuatilia.

Fedha ndizo zilizotaka kutuvunja. Mweka hazina wetu wa kwanza hakula hata senti, ila hesabu zote alikuwa nazo kichwani, na kichwa cha mtu hakikaguliwi. Minong'ono ikaanza, akasusa, na tulimkosea kwa kutomnunulia daftari. Siku hizi kila mchango una risiti ya kitabu, kutoa fedha lazima saini mbili, na mwisho wa mwezi mapato na matumizi tunayabandika kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, hata kama kilichonunuliwa ni mpini wa jembe.

Vijana wa mkokoteni walitaka guta. Tuliwapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, maana halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kikundi lazima kiwe na usajili, akaunti ya benki na katiba. Haya, hapo ndipo katiba inapopata kazi. Fomu wamejaza, wanasubiri.

Mtaro? Tuliomba mita 200, tumejengewa 40. Zilizobaki tunazibua wenyewe kila mwisho wa mwezi, na ombi tumelirudisha Oktoba kwa picha mpya.

Mwisho ni ufunguo wa stoo ya vifaa. Usikae kwa mwenyekiti, atakuwa safarini siku mnayotaka machepe. Wetu uko kwa mama lishe wa kona, kwa sababu anafungua alfajiri kuliko mtu yeyote mtaani. Reki mbili zilizokuwa zimepotea zilirudi ndani ya wiki moja. Hakumuuliza mtu kitu. Alikataa tu kukopesha chai.