Kabla ya Kumweka Mtoto Njiti kwenye CPAP ya Mapovu: Mambo ya Kuzingatia

Aliyewahi kukesha na mtoto njiti anayehema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, anajua kwa nini tunaishangilia mashine ya CPAP inapofika wodini. Mapafu ya njiti hayana surfaktanti ya kutosha, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visijifunge kila anapotoa pumzi. CPAP humsukumia hewa puani bila kukatika, vifuko vikabaki wazi; ile ya mapovu hupata shinikizo lake kwa mrija wa kutolea hewa kuzamishwa ndani ya maji. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 71 ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliotibiwa kwa CPAP ya mapovu waliishi, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida.

Malawi hiyohiyo ina habari nyingine, na naomba tuipe uzito uleule. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, watoto wa mwezi mmoja hadi miaka mitano wenye nimonia kali, ambao pia walikuwa na utapiamlo mkali, VVU au upungufu wa oksijeni damuni, waliwekwa kwenye CPAP bila daktari kuwaona kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2019: walifariki asilimia 17, huku waliopewa oksijeni ya kawaida wakifariki asilimia 11. Hao hawakuwa njiti, wala matokeo yao hayafuti ya Blantyre. Lakini kabla ya kuuliza mashine iko wapi, mimi huuliza nani atakuwa na mtoto saa nane za usiku. Kama muuguzi wa zamu ana watoto ishirini peke yake, mpango wa zamu urekebishwe kwanza, na watoto wa CPAP walazwe pamoja karibu na meza yake.

Linalofuata ni oksijeni, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Miaka ya 1940 na 1950, huko Marekani na Ulaya, maelfu ya njiti walipofuka kwa sababu walipewa oksijeni nyingi kwa nia njema kabisa. Retina yao, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa bado haijakomaa, na oksijeni iliyozidi ikavuruga ukuaji wa mishipa yake ya damu. Leo hatari hiyo iko kwetu. Wodi isiyo na mashine kamili hutengeneza CPAP yake kwa chupa ya maji na mrija uliounganishwa moja kwa moja na mtungi wa oksijeni. Mapovu yanatoka, kila mtu anaridhika, kumbe mtoto anavuta oksijeni tupu siku kutwa. Hakikisha kuna njia ya kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida, na kwamba kila mtu wa zamu anajua kusoma kiwango cha mchanganyiko.

Oksimita, kifaa cha kupima oksijeni damuni, iwepo, yenye kibano cha mtoto mchanga, si cha mtu mzima kilichofungwa kwa plasta. Akiwa anaongezewa oksijeni, lenga asilimia 90 hadi 95. Ikisoma 99, hiyo si habari njema: punguza oksijeni. Usiteremke chini mno pia, maana majaribio makubwa ya kulenga 85 hadi 89 yalionyesha vifo zaidi. Anayepumua hewa ya kawaida tupu kupitia CPAP hata akisoma 98 hana tatizo. Andika tangu siku ya kwanza tarehe ya kupimwa macho, takriban wiki nne baada ya kuzaliwa, kwa sababu mama akisharuhusiwa kwenda nyumbani bila tarehe mkononi, wengi hawarudi.

Shinikizo hutokana na kina cha mrija ndani ya maji: sentimita 5 za kina ni shinikizo la sentimita 5 za maji, na wengi huanzia hapo. Maji hukauka, kwa hiyo kina kikaguliwe kila zamu. Mapovu yakikoma, hewa inavuja mahali, mara nyingi puani au mdomoni.

Pua yenyewe itazame kwa karibu. Chagua vipachiko, yaani vijirija vifupi vinavyoingia puani, vinavyojaza tundu bila kuligandamiza, na acha nafasi ya milimita 2 hivi kati ya kipachiko na ukuta unaotenganisha matundu. Ngozi hapo ni nyembamba mno. Huanza kwa wekundu mdogo, kisha weupe, kisha kidonda, na sehemu hiyo ikioza pua hairudi ilivyokuwa. Kofia na mikanda ya ukubwa sahihi viandaliwe kabla, kwa kuwa kofia inayoteleza ndiyo inayovuta vipachiko. Chungulia kila baada ya saa chache.

Mtoto naye achunguzwe. Asiyepumua kabisa anahitaji ambu, mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, si CPAP, na ambu yenye barakoa ndogo ikae kitandani pake wakati wote. Angalia kaakaa iliyopasuka, pua iliyoziba, au dalili za matumbo kupanda kifuani. Mrija wa tumboni upitishwe mdomoni na uachwe wazi, maana hewa hujaza tumbo pia. Joto libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, mtoto wa baridi hutumia oksijeni nyingi zaidi. Dawa ya kuchochea upumuaji, yaani kafeini, au aminofilini pale isipopatikana, iwe tayari kwa anayesahau kupumua.

Mama aelezwe kabla ya mashine kuwashwa, kwa lugha yake, asije akadhani mwanawe ameshawekwa kwenye mashine ya mwisho. Anaweza kumbeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu huku CPAP ikiendelea, mtoto akiwa ametulia na mirija imefungwa vizuri. Mfundishe kusikiliza mapovu: mara nyingi yeye ndiye anayegundua kwanza kwamba yamenyamaza.

Umeme ukikatika, jenereta inachukua muda gani kuwaka? Pima, usikisie, na weka mtungi uliojaa kando pamoja na spana yake. Mtoto akibadilika ghafla, upande mmoja wa kifua ukinyanyuka kuliko mwingine, fikiria hewa imevuja nje ya pafu. Aitwe mtu anayejua kuitoa kwa sindano, na jina lake liwe ukutani. Kubalianeni mapema na hospitali ya rufaa mtoto akishindwa aende lini, nani apigiwe simu, na kama gari la wagonjwa lina oksijeni ya kumfikisha, foleni ikiwemo.