Klosapu ya ua: panga pembe kwanza, apecha baadaye

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoanza kupiga klosapu za maua, yaani picha za karibu kabisa, ni "nitumie f ngapi?" yaani apecha, lile tundu la lenzi, walifungue kiasi gani, na mi huwa nawarudishia swali, unataka nini kionekane? Maana ukipiga mtu kasimama mbele ya ukuta, f/4 inakupa uso mzima na masikio yake, lakini sogea mpaka ua dogo lijae kwenye fremu, f/4 ileile inakupa nusu milimita tu ya kitu kilicho shapu, na ukifungua mpaka f/2.8 inabaki kama theluthi ya milimita, yaani unene wa ganda la yai. Sa hapo mtu kapiga stigma, ile ncha ya katikati ya ua, imetoka safi, petali zote ukungu, anasema lenzi mbovu. Lenzi nzima hiyo.

Kwa asiyejua kabisa twende haraka. Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake) ukiugawanya kwa upana wa tundu, so lenzi ya milimita 100 kwa f/4 tundu lake ni milimita 25, kwa f/16 ni milimita 6 na kidogo, ndo maana namba kubwa ni tundu dogo na hapa ndo wengi wanapindua. Hatua zake zinaitwa stopu, zinaenda 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, kila ukipanda moja mwanga unakatika nusu. Na kina cha fokasi ni kile kipande cha kutoka mbele kwenda nyuma ambacho jicho linakikubali kuwa kimetulia, hakina ukungu. Basi, hayo yanatosha.

Kitu ambacho ningetaka mtu aniambie mapema ni kwamba kwenye klosapu umbali unakula kina kuliko apecha inavyokirudisha. Chukua kamera ya fulufremu, sensa yake, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 36. Ukijaza fremu na kitu cha upana huohuo wa milimita 36, hiyo ndo wanaita moja kwa moja, na kwa f/8 unapata kina cha kama milimita 1 tu. Rudi nyuma mpaka fremu ichukue sentimita 7, ni moja kwa mbili, f/8 ileile inakupa karibu milimita 3. Rudi tena mpaka fremu ichukue sentimita 14 hivi, ni moja kwa nne, unapata karibu sentimita 1. Umeona hapo, hujagusa apecha kabisa, umerudi nyuma tu na kina kimeongezeka mara 10. Sa ukitaka kuongeza mara 10 kwa apecha peke yake ungetoka f/8 uende zaidi ya f/64, haipo kwenye lenzi yako na hata ingekuwepo picha ingekuwa uji. Kwa hiyo wakati mwingine jibu ni kurudi nyuma kidogo halafu ukate picha kwenye kompyuta, kamera za siku hizi zina megapikseli za kutosha, hutakosa. Mwenye kamera ya kropu, ile yenye sensa ndogo zaidi, yeye akipanga picha ileile anapata kina kikubwa kidogo, kama amezidishiwa stopu moja.

Sasa pembe. Nenda kwenye hibiskasi, si ipo kwenye kila uzio, chukua ua moja lililofunguka vizuri. Ule mnara wa katikati wenye chavua za njano unatokeza mbele sentimita 5 au zaidi. Ukilipiga ua kwa mbele, uso kwa uso, lenzi inaangalia ncha ya mnara na petali ziko sentimita 5 nyuma yake, hata ukijaza fremu kwa umbali wa ile moja kwa nne na ukafunga f/16 una sentimita 2 tu za kina, haifiki. Utapigana na apecha mpaka jua lizame. Lakini zunguka uende ubavuni, ule mnara mzima umelala sambamba na sensa yako, chini mpaka juu uko umbali mmoja kutoka kwenye lenzi, na f/5.6 inaukamata wote, petali za nyuma zinayeyuka taratibu. Ua lilelile, dakika moja baadaye, na mwanga umepata stopu 3 za ziada.

Hiyo ndo kazi yenyewe kwa maoni yangu. Sensa ni kama sahani bapa, na kinachokuwa shapu kiko kwenye sahani nyingine isiyoonekana iliyo sambamba nayo. Kazi yako ni kuweka vitu vya muhimu juu ya sahani ile, vingi kadri inavyowezekana, apecha ije ikusaidie kwenye vile vilivyobaki nje kidogo. Jani la mgomba lenye mishipa yake, lipige kamera ikilitazama sawasawa, f/5.6 au f/8 inamaliza kila kitu. Ukiinamisha kamera kidogo tu, upande mmoja wa jani unafifia na hapo ndo unaona watu wanakimbilia f/22. Mi huwa naangalia kamera kwa ubavu kabisa, natoa jicho kwenye kioo, nachungulia pembeni kama fundi anayeangalia ukuta umenyooka au la. Unaonekana kichaa kidogo lakini inasaidia.

Mfano mwingine ninaoupenda ni yale maua ya zambarau ya Usambara, Saintpaulia, ambayo huko Ulaya na Marekani watu wanayaweka dirishani kwenye vikopo na wengine wala hawajui kama asili yake ni huku kwetu. Jina lenyewe limetoka kwa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga, na ua liliandikwa kisayansi 1893. Ukipanda Amani juu ya Muheza unayakuta porini kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu. Ua lake ni bapa, katikati kuna vifuko viwili vya njano vya chavua vimetokeza milimita chache. Hili sasa ndo ua la kupiga kwa mbele, kinyume na hibiskasi, maana petali zote ziko karibu kwenye sahani moja na vile vifuko haviko mbali, kwa hiyo rudi nyuma kidogo, fokasi iweke kwenye vifuko, f/11 inakuletea na petali. Ila ukitaka majani yale yenye manyoya nayo yatulie, sahau kwa picha moja, chagua. (Na tafadhali usichume wala kung'oa, yako machache huko porini, na usisogeze mawe ili upate picha.)

Ukweli ni kwamba safari yangu ya kwanza Amani niliharibu karibu picha zote. Kuna jamaa dukani aliniambia maua ni apecha wazi mpaka mwisho, nikaenda nimefungua f/2.8 asubuhi nzima, kwenye kioo kidogo cha kamera zinaonekana tamu ajabu, nimefika nyumbani nimefungua kwenye kompyuta kila picha ina kifuko kimoja cha njano kilichotulia, kile cha pembeni yake ukungu. Nikasema poa, mwezi uliofuata nikarudi nikafunga f/32. Zote zimelainika kama zimepigwa kupitia kitambaa cha pazia, hakuna hata moja iliyo shapu popote.

Hiyo ya pili inaitwa difraksheni. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika, nukta inakuwa kiduara, viduara vinaingiliana na undani wote unapotea. Kwenye klosapu inakuja mapema kuliko unavyodhani kwa sababu ukisogea karibu lenzi inafanya kazi kama imefungwa zaidi ya ilivyoandikwa. Hesabu yake, chukua 1 ujumlishe ukuzaji (moja kwa moja ni 1, moja kwa mbili ni nusu), halafu zidisha kwa namba ya f, kwa hiyo kwenye moja kwa moja f/8 inafanya kazi kama f/16, na f/16 yako ni f/32 tayari. Kamera za Nikon zikiwa na lenzi yao ya makro, yaani ya kupigia vitu kwa karibu kabisa, zinakuonyesha namba ikipanda yenyewe ukisogea, ndo maana watu wanashangaa lenzi ya 2.8 inagoma kufungua zaidi ya f/4.8 hivi, wanadhani imekufa, kumbe kamera inasema kweli tu. Canon inakuonyesha namba ya kawaida, hesabu unafanya mwenyewe. Kwangu mimi mwisho ni f/11 nikiwa karibu kabisa, f/16 nikiwa mbali kidogo na ua ni kubwa, na f/22 siigusi labda picha inaenda kwenye simu tu ambako hakuna atakayeona.

Halafu background. Watu wanafungua apecha ili nyuma pafifie, na inafanya kazi, ila kuna njia ya bure zaidi. Tafuta ua ambalo nyuma yake kuna uwazi wa mita 2 au 3. Kwa umbali wa klosapu, kitu kilicho mita 2 nyuma kinafifia hata kwa f/11, na kilicho sentimita 5 nyuma kitakusumbua hata kwa f/4. Inama, panda, sogea kushoto hatua moja, mara nyingi ule mchirizi mweupe nyuma unaondoka. Lenzi ndefu nayo inasaidia, siyo kwamba inapunguza kina, ukijaza fremu sawasawa kina cha lenzi ya 60 na cha lenzi ya 100 karibu ni kilekile, ila ndefu inachukua kipande kidogo cha nyuma kwa hiyo ni rahisi kukwepa takataka. Na kabla hujabonyeza kumbuka kwenye kamera nyingi unachokiona kwenye kioo cha kuchungulia ni apecha ikiwa wazi kabisa, siyo ile uliyochagua. Kamera nyingi zina kitufe kidogo pembeni ya lenzi, kibonyeze, panaingia giza kidogo lakini ndo unaona picha itakavyotoka, na yale majani ya nyuma uliyodhani yamefifia unayaona yanajitokeza moja moja.

Mwanga na upepo ndo vinakubana mwishoni. Kutoka f/4 kwenda f/16 ni stopu 4, yaani mwanga mara 16, kama ulikuwa 1/500 sasa uko 1/30 na ua kwenye kijiti linatikisika kama mtoto anayesinzia garini. Ukitaka kubaki 1/500 basi aiyeso, ile namba ya wepesi wa sensa kupokea mwanga, itoke 100 iende 1600. Inaleta chenga, vile vidoti vidoti, ila mi sina shida na chenga kidogo kwenye picha, chenga zinasafishika, ua lililotikisika halisafishiki. Pwani amka mapema, saa 12 na nusu mpaka saa 2 hivi asubuhi kabla upepo wa bahari haujaanza, na umande bado uko kwenye petali. Kijiti cha mshikaki na kibanio cha nguo vinashika bua la ua likatulia, chomeka kijiti chini ubane nje ya fremu. Jua likiwa kali shika kitambaa cheupe juu ya ua, na upande wa kivuli weka foili ya jikoni uliyoikunjakunja kwenye kadibodi, mwanga unarudi na unaweza kufunga stopu moja zaidi.

Fokasi weka manyuo, yaani uizungushe mwenyewe kwa mkono. Otomatiki itahangaika mbele nyuma mbele nyuma mpaka nyuki aondoke. Weka ukubwa unaoutaka kwa pete ya lenzi, halafu usiiguse tena, sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole na bonyeza wakati sehemu unayoitaka inatulia, piga 5 au 6 mfululizo, moja itakuwa imepatia. Ukiwa na tripodi tumia kioo kikubwa cha nyuma, kuza mara 10 uone chavua moja moja, na taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise.

Kwa mwenye simu, simu nyingi apecha haibadiliki, iko f/1.8 au karibu na hapo milele, Samsung S9 ya 2018 ilikuwa na mbili, 1.5 na 2.4, lakini hizo ni chache. Sensa ni ndogo kwa hiyo kina unacho kingi tayari, shida yako ni kinyume, kufifisha nyuma. Modi ya potreti ni programu inayokisia, kwenye ua inakata nywele na kingo za petali vibaya, izime, tumia ile mbinu ya kutafuta uwazi nyuma. Na asiyekuwa na hela ya lenzi ya makro achukue 50 ya kawaida aongeze pete ya milimita 25 katikati ya lenzi na kamera, anapata moja kwa mbili, ila anunue pete zenye vidoti vya umeme, zile za bei chee kabisa kwenye lenzi za kisasa zinakuacha huwezi kubadili apecha kutoka kwenye kamera, na apecha ndo tunayoizungumzia hapa.

Ikishindikana yote, unataka mnara wa hibiskasi kwa mbele na petali zake zote, basi ni kupanga picha juu ya picha. Tripodi, ua lisitikisike, f/5.6 au f/8, piga ya kwanza kwenye ncha, sogeza fokasi kidogo sana, piga tena, mpaka ufike petali ya mwisho, kila picha ipandane kidogo na iliyotangulia. Hibiskasi inaweza kula picha 15 au 20. Zipeleke kwenye programu ya kompyuta, Helicon Focus, Zerene au Photoshop, iziunganishe. Nje kwenye upepo nimejaribu mara nyingi na nimepata labda moja kati ya kumi, kwa hiyo siku hizi maua ya namna hiyo nakata moja, naliweka kwenye chupa ya soda sebuleni karibu na dirisha, nazima feni, na kila mtu ndani anaambiwa asipite kwa dakika kumi.