Jedwali la bei lishikwe na mtu mmoja: kufunga mafaili kwenye SharePoint

Kwenye kitengo chetu cha manunuzi, mihtasari ya vikao tunaiandika kwa pamoja, hata watu watano ndani ya faili moja, na hakuna anayelalamika. Jedwali la bei la zabuni ni habari nyingine. Hilo ni kama faili la masijala: ukilichukua unasaini daftari, mwenzako anasubiri ulirudishe.

Kwenye SharePoint, yaani hifadhi ya mafaili ya ofisi mtandaoni, kwa faili moja tu bonyeza vidoti vitatu kando ya jina lake, kisha "More", kisha "Check out" (kulichukua). Kuanzia hapo wengine wanasoma toleo la zamani. Ulichobadilisha hawakioni mpaka ubonyeze "Check in" (kulirudisha). Utaletewa kisanduku cha maoni. Andika kitu kinachoeleweka, "nimesahihisha VAT mstari wa 14", siyo "tayari". Mkaguzi akija, maoni hayo ndiyo yatakayokutetea.

Ukitaka iwe lazima kwa kila mtu, ingia kwenye mipangilio ya maktaba (sehemu ya SharePoint yanamokaa mafaili), fungua "Versioning settings", shuka hadi chini na uchague "Yes" kwenye swali la check out. Ila sharti hilo linaikumba maktaba nzima. Hakuna tena kuhariri pamoja, na waliosawazisha maktaba kwenye kompyuta zao kwa OneDrive, programu inayoweka nakala za mafaili hayo kwenye kompyuta, wataweza kusoma tu. Kwa hiyo fungua maktaba ya peke yake kwa zabuni na mikataba, nyingine uziache zilivyo.

Kwenye maktaba ya namna hiyo, faili jipya linabaki kwako, wengine hawalioni, mpaka ufanye "Check in" ya kwanza. Simu nyingi za "mbona sioni ulichoweka?" zinaanzia hapo.

Na aliyekwenda likizo na faili mkononi? Mpigie kwanza, ahifadhi kazi yake kwenye seva. Akishindikana, msimamizi wa tovuti anaweza kulirudisha kwa niaba yake. Achague "Check in". "Discard check out" inatupa kila alichobadilisha tangu alichukue.

Ofisi zenye folda ya pamoja tu kwenye seva, Word inaweka kufuli lake: kijifaili kilichofichwa, jina linaanza na ~$. Umeme ukikatika kinaweza kubaki, na Word ikaendelea kudai fulani bado yumo. Muulize huyo fulani kwa mdomo. Kama hayumo, onyesha mafaili yaliyofichwa ukifute hicho kijifaili, usije ukafuta waraka wenyewe.