Stempu zenye kasoro za uchapaji: kuzitambua na kuzitunza ukiwa Mtwara au Lindi

Kasoro inayotafutwa na wakusanyaji ni ile iliyotokea kiwandani, stempu ikiwa bado mashineni. Kilichoipata baadaye, iwe jua, maji, mkasi au mende, ni uharibifu tu. Ndiyo maana kazi huanza kwa kutafuta stempu ya aina ileile iliyochapwa sawasawa na kuiweka kando ya ile unayoitilia shaka. Bila hiyo utakuwa unabahatisha.

Vifaa ni vichache: kibano chenye ncha bapa, kioo cha kukuzia mara 10, rula ya milimita, bakuli na karatasi ya kunyonya maji. Vidole viweke mbali, jasho la pwani huacha alama.

Anza na meno, yaani ukingo uliotobolewa ili stempu ichanike kwa urahisi. Kipimo chake ni idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya Mfalme George wa Sita, zilizoanza kutolewa 1938, zilitobolewa kwa vipimo mbalimbali, kwa hiyo picha ileile yaweza kuwa na bei mbili tofauti kabisa. Stempu isiyo na meno hata kidogo usiiamini ikiwa peke yake, maana meno hukatwa kwa mkasi. Dai jozi iliyoshikana, isiyo na matundu katikati.

Rangi iliyokosekana hutokea, kwa mfano, shiti mbili (karatasi nzima zenye stempu nyingi) zikipita mashineni zimegandana: ya chini haipati wino. Pitisha kioo polepole mahali ambapo rangi hiyo ingekuwepo. Ukiona hata kidoa kimoja chake, wino ulikuwepo ukafifia. Njano na nyekundu huliwa upesi na jua la dirishani, na hapo ndipo wengi huuziwa hasara.

Picha iliyopinduka hutoka kwenye stempu ya rangi mbili, shiti ikirudishwa mashineni upande usio wake. Mfano maarufu ni ya Marekani ya senti 24 ya 1918, ndege yake iko kichwa chini, nayo ilipatikana shiti moja tu ya stempu 100.

Kwetu, zilizo karibu zaidi ni za Zanzibar zilizogongwa JAMHURI 1964 kwa mkono baada ya Mapinduzi. Kwa kuwa ni kazi ya mkono, maandishi kwenda upande ni jambo la kawaida. Yaliyopinduka au kugongwa mara mbili ndiyo ya kutafuta, na ndiyo yanayoghushiwa. Kama stempu imetumika, tazama kwa kioo: neno JAMHURI likiwa limekaa juu ya wino wa muhuri wa posta, liligongwa baada ya barua kusafiri. Iache.

Kasoro ndogo zina raha yake. Stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya senti 5 ya 1935, yenye jahazi Ziwa Victoria, ina aina mbili: moja kamba ya kushoto inagusa tanga, nyingine haigusi. Pengo lenyewe ni jembamba kama unywele, lakini mtu aliyezoea majahazi huliona haraka.

Tafuta kwenye maboksi ya barua za zamani: maduka, misheni, vyama vya ushirika. Ukikuta bahasha yenye muhuri unaosomeka wa Lindi, Mikindani au Nachingwea, usibandue kitu, tunza bahasha nzima. Nyingine kata karatasi kuzunguka stempu, loweka katika maji ya kawaida dakika 20 hadi 30, na ikigoma ongeza muda, usivute. Karatasi ya rangi kali loweka peke yake, hutoa rangi. Stempu mpya yenye gundi haigusi maji.

Adui mkubwa huku ni unyevu. Kuanzia Desemba hadi Aprili gundi hulainika, stempu zikagandana, na ukungu ukaacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Simamisha albamu bila kuzibana, mbali na ukuta wa nje, ndani ya sanduku lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Epuka plastiki laini yenye harufu, hula wino. Kusi ikianza kuvuma, fungua kurasa kivulini saa mbili tatu, kisha funga kabla jua halijazama.