Kubadilisha gia bila gari kushtuka

Abiria aliyesinzia kwenye kiti cha mbele hupima udereva wa gari la manyuo, lile la kubadilisha gia kwa mkono, kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Kichwa chake kikiyumba mbele na nyuma kila unapoingiza gia, kuna jambo miguuni mwako ambalo halijakaa sawa. Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye tayari anajua gia zilivyopangwa na anaweza kuliondoa gari bila kulizima, lakini bado gari linamshtukia akiwa barabarani.

Mkono unaoshika gia hulaumiwa bure mara nyingi. Injini ina kasi yake ya kuzunguka, nayo magurudumu, kupitia giaboksi, yanadai kasi nyingine. Klachi ndiyo inayozitenganisha pande hizo mbili unapoikanyaga na kuzikutanisha tena kwa msuguano unapoiachia. Kasi zikiwa zinakaribiana, pande hizo hukutana bila abiria kujua. Zikiwa mbali, nawe ukaachia ghafla, upande mmoja huuvuta mwingine kwa nguvu na gari zima hutikisika. Chukua mfano wa gari dogo la petroli lenye gia tano: likiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa katika gia ya tatu, injini huzunguka takriban mara 2,000 kwa dakika, lakini kwa mwendo huohuo katika gia ya pili huhitaji karibu mizunguko 3,000. Tofauti hiyo ndiyo inayomwamsha abiria.

Basi anza na klachi peke yake. Sogeza kiti hadi goti la kushoto libaki limekunjika kidogo hata pedali inapofika chini kabisa. Katika uwanja tambarare usio na watu, ingiza gia ya kwanza, usiguse mafuta, kisha achia klachi polepole mpaka mlio wa injini uwe mzito na boneti iinuke kidogo. Hapo ndipo klachi inaposhika. Tuliza mguu mahali hapo, gari litambae lenyewe, kisha kanyaga klachi na breki usimame. Rudia mara ishirini au zaidi, hata kama zoezi linachosha, kwa sababu kila gari hushika mahali pake, na mguu usiopajua mahali hapo utabahatisha siku zote.

Unapopanda gia, punguza mafuta na ukanyage klachi karibu kwa wakati mmoja, mguu wa kulia ukitangulia kidogo sana, kisha sogeza gia bila papara. Ndani ya giaboksi mna pete zinazosawazisha mizunguko kabla meno hayajaingiana; ukiisukuma gia kwa mkono mwepesi hadi iingie yenyewe, unazipa nafasi ya kufanya kazi yake. Baada ya hapo achia klachi upesi hadi pale inaposhika, tulia kwa muda mfupi, kisha malizia huku ukirudisha mafuta taratibu. Makosa ni mawili yanayopingana: kuachia kwa kishindo, na kuachia kwa uvivu kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo linaloichakaza sahani ya klachi bila faida yoyote. Injini ya petroli kwa kawaida hufurahia kubadilishiwa gia kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500, na ya dizeli mapema zaidi, ingawa mimi naamini sikio kuliko mshale wa mizunguko kwenye dashibodi.

Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ndipo wengi wanapopotea. Usiikamate gia kama mpini wa jembe. Isukume kwa kiganja hadi nyutro, iache springi iirudishe katikati, kisha ipeleke mbele moja kwa moja.

Kupangua gia, yaani kushuka hadi gia ya chini, ndiko kunakodai ufundi zaidi, kwa sababu sasa injini inatakiwa kuongeza mizunguko, ilhali mguu ukiwa kwenye klachi mizunguko inashuka. Kwanza punguza mwendo kwa breki. Kanyaga klachi, ingiza gia ya chini, na kabla ya kuiachia gusa mafuta kidogo ili mlio wa injini upande kufikia pale gia hiyo inapohitaji, kisha achia. Mwanzoni utazidisha au utapunguza. Gari likivutwa nyuma, mafuta yalikuwa machache, na likiruka mbele, yalizidi. Usiruke kutoka gia ya tano hadi ya pili ukiwa bado na mwendo mkubwa, kwani magurudumu yanaweza kuizungusha injini kupita kiasi inachostahimili.

Ustadi huo unahitajika hasa kwenye miteremko mirefu kama Kitonga, katika barabara ya kwenda Iringa. Madereva wa malori husema gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia, na wana haki: gia ndogo huifanya injini ilizuie gari, breki zisichemke. Ipangue kabla ya kuanza kushuka, wakati gari bado limetulia. Wanaoteremka kwa nyutro ili kubana mafuta hawapati wanachokitafuta, kwani injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa kwenye gia.

Kuondoka ukiwa kwenye mwinuko ni zoezi lilelile la uwanjani: vuta breki ya mkono, peleka klachi hadi inaposhika, ongeza mafuta kidogo, kisha ishushe breki.

Safari ikiendelea, toa mguu kwenye klachi na mkono kwenye gia, maana uzito wake, hata uwe mdogo, hula beringi na vyuma vya ndani. Na iwapo umefanya yote haya lakini gia bado zinakwaruza wakati pedali iko chini kabisa, au injini inanguruma bila gari kuongeza mwendo, acha kujilaumu. Hali ya kwanza mara nyingi hutokana na klachi isiyoachia yote, na ya pili na sahani iliyolika. Zote mbili mpelekee fundi.