Vienna hadi Bratislava kwa baiskeli: mwongozo wa siku moja kando ya Danube

Njia ya baiskeli kati ya Vienna, mji mkuu wa Austria, na Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, ni kama kilomita 65 hadi 70, tambarare karibu yote. Hapo ndipo watu wanapoponzeka. Wakisikia "tambarare" wanaamka kwa kujivuta, wanaanza safari saa tano, na jua la mchana linawakuta katikati ya tuta la mafuriko lisilo na mti wala duka. Siku nzima ipange kwa ajili ya tuta hilo. Mpaka wenyewe utauvuka kabla hujamaliza kunywa maji.

Hatua ya 1: Tazama upepo kwanza

Upepo wa huku mara nyingi hutoka magharibi au kaskazini-magharibi, kwa hiyo anayeelekea Bratislava husukumwa mgongoni. Lakini zipo siku unapogeuka ukavuma kutoka kusini-mashariki. Utabiri ukionyesha upepo wa namna hiyo unaozidi kilomita 20 kwa saa, usishindane nao. Panda treni asubuhi hadi Bratislava, kisha urudi Vienna kwa baiskeli, ukifuata hatua hizi kinyumenyume. Wapo wanaoona huko ni kushindwa. Huwa nakutana nao Orth, kijiji cha njiani, wamejilaza chini ya mti, hata kuongea hawataki.

Miezi mizuri ni Mei na Septemba. Juni na Julai mbu wa misitu ya kando ya mto hawana adabu.

Hatua ya 2: Hati

Austria na Slovakia zote zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa kawaida wa mipaka kati yao (Slovakia iliingia Desemba 2007), na zote zinatumia yuro. Viza halali ya Schengen au kibali cha ukaazi cha Austria kinatosha kwenda na kurudi. Ila beba pasipoti yenyewe pamoja na kadi yako, usitegemee picha kwenye simu. Ukaguzi wa mpakani hurudishwa kwa muda mara kwa mara, na sisi wenye pasipoti za mbali ndio tunaoulizwa kwanza.

Kama bado unasubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, kadi ya mwombaji haikuruhusu kuvuka. Ishia Hainburg, mji wa Austria ulio karibu na mpaka, urudi kwa treni. Sehemu kubwa ya uzuri wa njia hii iko upande wa Austria.

Hatua ya 3: Baiskeli na mzigo

Baiskeli yoyote nzima inafaa, mradi breki zishike na mnyororo uwe na mafuta. Austria inataka taa, kengele na viakisi mwanga. Kofia ngumu ni lazima kwa watoto wa chini ya miaka 12, lakini Slovakia inaidai kwa kila anayeendesha barabarani nje ya mji, basi ivae tangu asubuhi. Kwa wanaokunywa: Austria humvumilia mwendesha baiskeli hadi pombe ya 0.8 kwa elfu katika damu, Slovakia ni wakali zaidi. Bia ingoje.

Beba lita mbili za maji, chakula cha kushika mkono, tyubu ya akiba, pampu na vifaa vya kufungulia tairi. Viraka na solusheni viwe vya dharura ya pili. Ukipata pancha, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Kwanza pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kitanasa penye mwiba au kijiwe chenye ncha. Ukitumia kidole kitachanika tu. Chomoa mwiba au kijiwe hicho, kisha itie tyubu mpya upepo kidogo ili ishike umbo, iingize kwa mikono, na uminye tairi pande zote kuhakikisha tyubu haijabanwa kwenye rimu. Ndipo ujaze upepo. Anayeruka hatua ya kitambaa hupata pancha ya pili palepale, na sasa hana tyubu.

Jambo moja si la mzaha: kupe. Kupe wa nyasi za huku wanaweza kuambukiza virusi vinavyoshambulia ubongo, na chanjo yake ni jambo la kawaida kabisa Austria. Chanjwa mapema, na jioni jikague nyuma ya magoti na kiunoni.

Hatua ya 4: Kutoka mjini

Anzia daraja la Reichsbrücke, si zaidi ya saa moja na nusu asubuhi. Shika ukingo wa kushoto wa Neue Donau, ule mfereji uliochimbwa kuupunguzia mji mafuriko, na uteremke na maji. Vibao vya kufuata ni vya EuroVelo 6, njia inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi: mraba wa buluu wenye namba 6 na duara la nyota.

Kadiri unavyokaribia Lobau, msitu wa mtoni ukingoni mwa mji, usishtuke kuona wazee kwa vijana wamejilaza majanini uchi wa mnyama. Ni ufukwe wao wa siku nyingi, ni halali, na hakuna anayekutazama. Nawe tazama mbele. Baada ya hapo utapita matangi makubwa ya mafuta, mandhari isiyopendeza hata kidogo, halafu unapanda tutani.

Hatua ya 5: Tuta

Hapa ndipo kazi. Tuta hili linaikinga nchi tambarare ya Marchfeld dhidi ya mafuriko, na limenyooka hadi macho yanachoka. Kulia kwako ni msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Donau-Auen, kushoto ni mashamba. Mto wenyewe huuoni kwa muda mrefu.

Usifukuzane na wenye baiskeli za mbio. Chagua gia nyepesi, miguu izunguke bila kusukuma kwa nguvu, na unywe maji kila baada ya robo saa hata kama huna kiu. Ukifika usawa wa Orth an der Donau, jaza chupa. Kijiji kiko pembeni kidogo, na ngome yake ndiyo yenye kituo cha wageni cha hifadhi. Eckartsau, mbele yake, pana kasri alimokaa Karl, kaisari wa mwisho wa Austria, baada ya dola yake kuvunjika mwaka 1918, hadi alipoondoka kwenda uhamishoni Machi 1919. Ukiwa na nguvu ingia. Ukiwa umechoka, endelea.

Stopfenreuth simama, japo hapana kitu cha kupiga picha. Desemba 1984 maelfu ya watu walipiga kambi kwenye baridi ya msitu huu kuzuia bwawa la umeme lisijengwe. Serikali ilirudi nyuma, na mwaka 1996 msitu ukawa hifadhi ya taifa. Ndiyo maana Danube hapa bado inakimbia, haijatuama nyuma ya ukuta.

Hatua ya 6: Daraja na Hainburg

Vuka daraja kwenda ukingo wa kulia. Upepo hapo hupiga ubavuni, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili. Hainburg ni mji wa kuta za kale, na ndipo pa kula chakula cha moto.

Kando ya mto utaona vibao vyenye namba. Zinapungua kadiri unavyoteremka, kwa kuwa kilomita za Danube zinahesabiwa kutoka mdomoni kwenda juu. Hainburg ni karibu na 1884, Bratislava ni karibu na 1869.

Magoti yakigoma, treni ya S7 inapita Hainburg na inaishia Wolfsthal. Ni kipande kilichosalia cha reli iliyofunguliwa mwaka 1914 kuunganisha miji hii miwili.

Hatua ya 7: Mpaka

Baada ya Wolfsthal na Berg, endelea na njia ya baiskeli. Aliyezoea Namanga atatafuta foleni na mihuri. Siku ya kawaida utakuta kibao tu. Kusini kidogo, mashambani, kuna mahandaki ya saruji yaliyojengwa na Czechoslovakia miaka ya 1930. Oktoba 1938, baada ya mkataba wa Munich ulioikatia Ujerumani maeneo ya mpakani ya Czechoslovakia, Petržalka, upande wa Bratislava ulio ng'ambo ya mto kutoka mji wa kale, ilitwaliwa na Ujerumani, na mahandaki yakaenda nayo.

Hatua ya 8: Bratislava na kurudi

Ingia mji wa kale kwa daraja la Most SNP. Njia ya miguu na baiskeli iko chini ya ile ya magari. Kula halušky, vidonge vya unga wa viazi vyenye jibini la kondoo, unywe kofola, soda ya huko, kisha toka kwa daraja la Starý most.

Kurudi, tumia kituo cha Petržalka: kiko upande wako wa mto na hakina kilima, tofauti na kituo kikuu. Safari ni kama saa moja. Nunua tiketi yako na ya baiskeli, fika dakika ishirini kabla, maana nafasi za baiskeli hujaa Jumapili jioni. Pasipoti iache mfukoni, usiizike chini ya begi: ukaguzi ukiwepo, polisi hupita humohumo ndani ya behewa.