Dar mpaka Mbeya kwa gari ukiwa kwenye kiti mwendo: panga vyoo kwanza

Wadau wenzangu wa kiti mwendo, nianze na kitu ambacho wengi wetu tunakifanya na kinatuumiza sana, tukijua kesho kuna safari tunaacha kunywa maji. Unajinyima toka jioni ili usisumbue watu kusimamisha gari, unafika mkojo una rangi ya chai, siku mbili baadae UTI na homa juu. Mi Dar Mbeya nimeshaenda mara tatu, mdogo wangu anaendesha, na kilichonisaidia ni kupanga vyoo kwanza kabla hata ya mafuta, maji nakunywa kama kawaida.

Ni kama kilomita 820 hivi, kwa hiyo usiende siku moja, lala Iringa. Chukua simu piga gesti siku kadhaa kabla, na usiulize "mnahudumia walemavu?" maana kila mtu atakujibu ndio karibu sana. Muulize dada wa mapokezi ngazi ziko ngapi toka parking mpaka kitandani, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, af mwambie akapime upana wa mlango wa BAFUNI kwa futi akurushie video WhatsApp. Mlango wa chumba karibu wote unapitika, wa bafuni ndo unakwamisha. Kuna sehemu niliambiwa hakuna shida kabisa, nikakuta mlango wa sentimita 60 na kiti changu kina 64, nikaoga kwa beseni chumbani siku hiyo. Toka hapo natembea na kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kinakaa juu ya choo cha kuchuchumaa au juu ya ndoo, kinanitosha popote (hakikisha miguu yake ni imara na haitelezi).

Gari nalo lipime kabla hujalikodi. Siti ikiwa kimo kimoja na kiti chako unahama mwenyewe. Prado siti iko juu mno utabebwa kila kituo, Noah ina nafasi ila ya mbele nayo iko juu kidogo, IST siti ni nzuri tatizo buti, inabidi uchomoe matairi ya kiti. Fundi seremala yeyote anakutengenezea ubao wa kuhamia, mwambie apige msasa mpaka ulainike kabisa maana kibanzi kikikuchoma sehemu usiyohisi utakuja kukigundua kishakuwa kidonda.

Sasa njiani. Mimi natumia katheta (mrija wa kutolea mkojo) ya kuingiza na kutoa, kila masaa 4 mpaka 6, na njia hii ina sehemu mbili ambazo hutakiwi kuingia na kibofu kimejaa. Ya kwanza ni hifadhi ya Mikumi, barabara inakatiza ndani kama kilomita 50, spidi ni ndogo na hairuhusiwi kushuka kwenye gari. Kwa hiyo maliza kila kitu Morogoro. Ya pili ni mlima Kitonga, roli likiharibika kwenye zile kona mnaweza kukaa masaa hapo hapo, kwa hiyo simama Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda, ndo sehemu ya vitunguu vile, kuna migahawa mingi, mdogo wangu anashuka kwanza kukagua choo af mi ndo nahama. Kama choo hakifai tunaweka khanga madirishani namalizia kwenye gari. Beba sabuni na maji safi ya kunawa, katheta weka na za akiba.

Mto wako wa kukalia njoo nao kwenye siti ya gari, usiuache nyuma na kiti. Na wanaotumia mto wa hewa sikilizeni hapa, Dar iko usawa wa bahari ila Iringa na Mbeya ziko juu zaidi ya mita 1,500, hewa ndani ya mto inatanuka unakuwa mgumu kama mpira, ule mto ulioujaza Dar ukifika Iringa unakuumiza. Punguza upepo kidogo, pitisha mkono chini ya mfupa wa makalio, ibaki nafasi kama ya unene wa kidole. Ukirudi Dar ujaze tena!! Njia nzima inama mbele au jinyanyue kila baada ya nusu saa, weka alam kwenye simu.

Wenye jeraha la uti wa mgongo kuanzia T6 (pingili ya sita ya kifua) kwenda juu, kichwa kikianza kugonga ghafla na jasho la usoni simamisheni gari, kaa wima, legeza nguo, angalia kibofu au mrija uliokunjika. Isipotulia haraka ni hospitali, usisubiri Iringa.

Tyubu za kiti ni za baiskeli, beba moja ya saizi yako maana fundi wa kuziba yupo kila mji ila tyubu ya namba yako anaweza asiwe nayo.

Ukifika Iringa, na tena Mbeya, kabla ya kulala chukua kioo kidogo ujikague makalio na visigino. Ukiona pekundu au peusi kuliko kawaida lala kifudifudi, asubuhi angalia tena, kama rangi bado haijaondoka usikae, ahirisha safari mpaka iondoke.